Arusha haina polisi

Mteja akiingia ofisini kwangu hapa Mwanga, Kigoma, na karatasi ya forodha mkononi, najua kitakachofuata: "Wakili, Jumuiya ya Afrika Mashariki imeshafuta ushuru, hawa wa forodha ya Manyovu, mpakani na Burundi, wanakaidi tu. Tuwapeleke Arusha, Arusha iwaamuru." Nimeisikia mpaka imenikinai. Naianza hiyo, maana ndiyo inayowapotezea watu pesa.

"Arusha iko juu ya Dodoma." Haiko. Jumuiya, yenye makao makuu Arusha, haina jeshi, haina polisi, wala haina ofisa forodha hata mmoja pale mpakani. Anayekukadiria ni mtumishi wa Tanzania, na mwenzake wa Burundi ana mabosi wake kwao. Sekretarieti, yaani ofisi ya utendaji ya Jumuiya, inaishi kwa michango ya nchi wanachama, na michango hiyo kuchelewa ni jambo la kila mwaka. Ni kama kikoba: katibu anaandika daftari, anakumbusha, anabembeleza, lakini hana ubavu wa kwenda kumchukulia mwanachama mbuzi wake.

Uamuzi mkubwa ni wa Wakuu wa Nchi, na wao huamua kwa maafikiano, si kwa wingi wa kura. Mmoja akigoma, mambo yanalala. Novemba 2018 mkutano wao uliahirishwa kwa sababu jirani zetu Burundi hawakutokea. Ukaja kufanyika Februari 2019. Muswada wa Bunge la Afrika Mashariki nao unataka ridhaa ya kila Mkuu wa Nchi. Mmoja akiukataa unarudi bungeni, na ukipelekwa tena akaukataa, umekufa. Hata ushuru wa pamoja kwa bidhaa za nje ya Jumuiya, wenye ngazi za sifuri, asilimia 10, 25 na 35, kila msimu wa bajeti nchi huomba kutumia viwango vyao kwa bidhaa fulani, na hukubaliwa.

Wanaosema huu ni udhaifu wetu Waafrika watazame Marekani ya 1781, kabla ya katiba yao ya sasa. Majimbo 13 yalikuwa na bunge la pamoja lisiloruhusiwa kutoza kodi. Likaomba asilimia 5 tu kwenye bidhaa za nje ili lilipe madeni ya vita. Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote, ikakataa, na mpango ukaishia hapo. Waliotia saini Mkataba wetu wa kuanzisha Jumuiya Novemba 1999 nao waliyaacha mamlaka kwenye nchi kwa makusudi. Jumuiya ya kwanza ilikuwa na reli, bandari, posta na shirika la ndege la pamoja, na ilivunjika 1977.

Sasa huo ushuru "uliofutwa". Uliondolewa ushuru wa forodha kwa bidhaa zinazokidhi vigezo vya uasili, yaani zinazohesabika kuwa zimetoka ndani ya Jumuiya. Vitenge vya China vikipitia Bujumbura havigeuki kuwa vya Burundi, na VAT iko palepale. Mimi nasema kila siku: cheti cha uasili kwanza, kupakia mzigo baadaye. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani una cheti chake chepesi, kinapatikana mpakani, mradi bidhaa iwe kwenye orodha.

"Mwanajumuiya ananunua shamba popote." Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kazi Julai 2010, iliiacha ardhi kwenye sheria za kila nchi. Basi.

"Tumeshakuwa shirikisho." Bado. Mwaka 2017 Wakuu wa Nchi walikubali konfederesheni, yaani muungano ambao kila nchi inabaki na mamlaka yake, iwe hatua ya mpito kuelekea huko.

Nikishamkatisha mtu tamaa, huruka upande wa pili: "Kumbe Jumuiya haina meno kabisa!" Nayo si kweli. Mkataba unaipa sheria ya Jumuiya nafasi ya kwanza mbele ya sheria ya nchi katika mambo ya utekelezaji wa Mkataba huo. Na Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki inampokea mwananchi wa kawaida bila kumdai amalize kwanza mahakama za nyumbani. Haisikilizi rufaa ya kesi uliyoshindwa hapa. Inaangalia kama nchi imevunja Mkataba. Ikishatamka hivyo, kutekeleza kunarudi kwa nchi yenyewe.

Kinachoniudhi zaidi ni muda. Kesi hiyo hufunguliwa ndani ya miezi miwili tangu kitendo kifanyike, au tangu ulipokijua, na hoja kwamba "uvunjaji bado unaendelea" Mahakama ilishaikataa. Mtu ananijia mwaka umepita, kakumbatia faili la barua alizoiandikia Sekretarieti na majibu yake ya adabu. Barua hazisimamishi siku. Mzigo ukizuiwa Manyovu au bandarini Kibirizi, dai uamuzi wa maandishi wenye tarehe na mhuri, siku ileile. Kisha omba mapitio kwa Kamishna wa Forodha. Hayo nayo yana siku 30 tu, na migogoro mingi ya ushuru humalizwa hukohuko kabla mtu hajakata tiketi ya basi la Arusha.