Nyumba za mvinyo za wakulima: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukipita vijiji vya mawe vilivyo juu ya mji wa Trieste, kaskazini-mashariki mwa Italia, utaona matawi mabichi yametundikwa kwenye njia panda na mishale ikielekeza nyumba fulani. Huko mkulima wa mizabibu amefungua ua wake, anauza mvinyo na chakula cha kwake. Waslovenia wa pande hizo huita nyumba hiyo osmica. Austria ni Buschenschank au Heuriger, Ujerumani ni Straußwirtschaft. Mila hii naipenda, na inaniuma inapoelezwa kimakosa.

Dhana: Ni baa au mkahawa wa kijijini.

Hili ndilo kosa kubwa, kwa sababu linafuta kiini chenyewe. Mwenye baa hununua na kuuza. Huyu anauza alichovuna. Sheria za Ujerumani zinaonyesha tofauti hiyo waziwazi: mkulima hahitaji leseni ya mgahawa, mradi auze mvinyo wake mwenyewe, asizidishe viti 40, na asifungue zaidi ya miezi 4 kwa mwaka. Kwenye osmica chakula ni cha baridi: nyama ya nguruwe iliyokaushwa, soseji, jibini, mayai ya kuchemsha, achari na mkate. Anayekuletea sahani mara nyingi ni mtu wa familia hiyo hiyo. Mvinyo wa kuuza ukiisha, tawi linashushwa. Anayelalamika kwamba orodha ya vyakula ni fupi hajaelewa yuko kwa nani.

Dhana: Kaisari Joseph II, aliyetawala Austria na pande hizo, ndiye aliyeianzisha mila hii.

Wakulima walikuwa wakiuza mvinyo majumbani mwao muda mrefu kabla yake. Alichofanya, kwa waraka wa tarehe 17 Agosti 1784, ni kumpa kila mtu uhuru wa kuuza chakula, mvinyo na kinywaji cha matunda alichotengeneza mwenyewe, wakati wowote wa mwaka na kwa bei aitakayo. Na hata hilo halikutoka hewani. Watu wa eneo la Gorizia, jirani na Trieste, walikuwa wamelalamika kwamba kabaila wao anavilazimisha vilabu vya pombe vya huko kuuza mvinyo wake tu. Kaisari anatajwa kila mahali. Waliolalamika hawatajwi, ingawa malalamiko yao yalichangia waraka huo.

Dhana: Hufunguliwa siku 8 tu.

Jina osmica linatokana na neno la Kislovenia la nane, ndiyo. Lakini siku hizi kila nyumba ina vipindi vyake, na wakulima hupokezana. Fuata tawi, usihesabu siku.

Dhana: Vienna, kila mlango ulioandikwa Heuriger ni wa mkulima.

Sivyo. Nyumba nyingi zinazopokea mabasi ya watalii, hasa mtaa wa Grinzing, ni migahawa kamili yenye leseni, vyakula vya moto na muziki kila jioni. Havunji sheria mtu, ila ni kitu kingine. Tafuta neno Buschenschank na tawi la msonobari juu ya mlango.

Na usidhani mvinyo huo lazima umetoka mbali: ndani ya mipaka ya jiji la Vienna kuna zaidi ya hekta 500 za mizabibu. Fahari yake ni mvinyo uitwao Gemischter Satz, ambao wengi hudhani ni mabaki yaliyochanganywa pipani. La hasha. Aina mbalimbali za zabibu hupandwa pamoja katika shamba moja, zikavunwa pamoja na kukamuliwa pamoja. Msimu ukiikataa aina moja, nyingine humwokoa mkulima. Tangu 2013 mvinyo huo wa Vienna una ulinzi wa kisheria wa jina lake.

Dhana: Asiyekunywa pombe hana chake huko.

Austria utapata juisi ya zabibu, na watoto hucheza uani huku wazazi wakizungumza. Zamani wageni wa Vienna walikuja na chakula chao kikapuni, wakanunua kinywaji tu. Asiyekula nguruwe ajue kwamba nyama nyingi ni hiyo, na hata mafuta ya kupaka kwenye mkate mara nyingi ni yake. Uliza kabla ya kuagiza. Jibini na mayai hayakosekani.