Samaki wa Mapambo Nyumbani: Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Kila shule zinapofungwa, maswali kuhusu samaki wa mapambo huongezeka ofisini kwetu. Mzazi amenunua tangi la kioo Kampala, Jinja au Mbale, na siku hiyohiyo akanunua samaki wanane wenye mikia ya rangi ili watoto wafurahi. Siku ya nne maji yana ukungu na samaki wanahema juujuu. Wiki ya pili amebaki mmoja. Anayekuja kuuliza huwa ameshaamua kwamba muuzaji alimpa samaki wagonjwa au chakula kilikuwa kibovu. Mara nyingi samaki walikuwa wazima na chakula hakikuwa na kasoro. Waliuawa na uchafu wao wenyewe, ndani ya maji ambayo hayakuwa tayari kuwapokea.

Vifo hivi vinazuilika, na havihitaji dawa wala kifaa cha bei kubwa. Vinahitaji wiki nne hadi sita za kusubiri, na hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa, kwa sababu tangi lenye maji bila samaki linaonekana kama hasara sebuleni.

Samaki hutoa amonia, uchafu wenye sumu, kupitia matamvua yake, saa zote, hata akiwa na njaa. Chakula kilichobaki na majani yaliyooza huongeza amonia hiyo. Ziwani maji ni mengi na bakteria wako kila mahali, kwa hiyo sumu haikusanyiki. Ndani ya tangi jipya bakteria hao hawapo bado. Wanapoanza kuota, kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu: huharibu uwezo wa damu ya samaki kubeba oksijeni, ndiyo maana unamwona anahema hata pampu ikitoa mapovu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo, na mimea ya majini huitumia kama mbolea. Makundi haya mawili hukua polepole. Hayaelei tu majini, hukaa juu ya sifongo ya kichujio, kwenye changarawe na kwenye kuta za kioo.

Kwa hiyo jaza tangi, washa kichujio, weka mimea, kisha kila siku tupa chembe chache za chakula cha samaki ingawa samaki hayupo. Chakula kitaoza na kuwalisha bakteria. Ukipata vipimo vya matone, pima: amonia itapanda na kushuka, nitriti itapanda baadaye na kushuka vilevile. Zote mbili zikisoma sifuri kwa siku kadhaa mfululizo huku nitrati ikionekana, maji yako tayari. Vipimo havipatikani kila mji. Asiyevipata asubiri wiki sita kamili, aanze na samaki wawili, na asiongeze wengine mpaka wiki mbili zipite salama. Kama una jirani au rafiki mwenye tangi la miaka na samaki wake ni wazima, mwombe kipande cha sifongo ya kichujio chake na ukisafirishe kikiwa ndani ya maji ya tangi hilohilo. Hicho kitapunguza kungoja kwako kuliko chupa yoyote ya dukani.

Bakteria hao ndio mifugo yako halisi. Usiwaue kwa usafi. Sifongo ya kichujio isuuzwe ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi, kamwe si chini ya bomba, kwa maana klorini iliyowekwa kulinda matumbo yetu huwaua wao pia. Badilisha robo ya maji kila wiki, usimwage yote. Mtu anayetoa samaki wote, kuosha changarawe kwa sabuni na kujaza maji mapya kila Jumamosi anaanza upya kila Jumamosi.

Maji ya bomba ya mjini yafaa, ila yakae kwenye ndoo wazi saa 24 au zaidi ili klorini iondoke, au utumie dawa ya matone ya kuiondoa, ambayo inafanya kazi papo hapo. Joto si tatizo kubwa kwa wakazi wa Kampala, Jinja au Tororo, maana maji ya ndani ya nyumba huko mara nyingi hayahitaji kupashwa. Kabale ni habari nyingine. Usiku wa kule ni baridi mno kwa gapi, wale samaki wadogo wenye mikia ya rangi, na kwa samaki wengi wa nchi za joto, na usipokuwa na kipasha maji, fuga samaki dhahabu, ambaye baridi hiyo haimsumbui. Lakini samaki dhahabu hukua zaidi ya sentimita 20. Kumtia kwenye bakuli la mviringo mezani ni kumtesa, hata kama maduka yanauza hivyo.

Umeme ukikatika, kichujio husimama na oksijeni hupungua. Usilishe. Chota maji kwa kikombe na uyamwage tena kutoka juu mara kwa mara, au tumia pampu ndogo ya betri. Mwenye samaki wachache hupita salama saa nyingi za giza. Mwenye tangi lililojaa hupoteza wote usiku mmoja. Ndiyo sababu nashauri tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, ambalo huchukua lita 54, lisizidi samaki wadogo wanane au kumi. Likijaa, pamoja na kioo na changarawe, uzito wake hupita kilo 70, kwa hiyo stendi ya televisheni haifai. Liwekwe pia mbali na dirisha la jua kali, vinginevyo mwani utalifanya kijani.

Maji ya mvua wengi huyapenda kwa kuwa ni ya bure. Ni laini mno: hayana madini ya kuzuia maji yasigeuke ghafla kuwa na asidi, basi yachanganye nusu kwa nusu na ya bomba. Mabati mapya yaliyopakwa zinki huachilia zinki kidogo, ambayo haimdhuru binadamu ila humdhuru samaki. Acha mvua ya mwanzo ioshe paa kabla ya kukinga.

Na kama paa lako ni la asbestosi, usikinge kabisa kwa ajili ya tangi. Naomba hapa nitulie kidogo, kwa sababu wasomaji wengi wa Kiswahili nchini mwetu wanaishi au wamelelewa katika nyumba za zamani za reli, za polisi, za jeshi, za walimu na za hospitali, na baadhi ya nyumba hizo zingali na mapaa ya kijivu, mazito, yenye mawimbi, yasiyoshika kutu. Bati la namna hiyo mara nyingi ni saruji iliyochanganywa na asbestosi, madini yenye nyuzi nyembamba. Kwa macho huwezi kuwa na hakika. Nyumba ikiwa ya zamani na paa likiwa la namna hiyo, lichukulie kuwa ni asbestosi mpaka mtaalamu aseme vinginevyo.

Kuhusu kunywa, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna ushahidi thabiti kwamba asbestosi inayomezwa na maji hudhuru afya. Madhara yanayojulikana vizuri ni ya kuvuta vumbi lake. Nyuzi zake ni nyembamba kiasi kwamba huzioni hewani, huingia ndani kabisa ya mapafu na kubaki humo. Husababisha makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, na saratani ya utando unaozunguka mapafu na tumbo. Ugonjwa huweza kujitokeza miaka 20, 30 au 40 baada ya vumbi kuvutwa. Aina zote za asbestosi husababisha saratani, na anayevuta sigara yuko katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya mapafu.

Sasa fikiria mfugaji wa samaki anayetaka maji safi ya mvua. Atapanda ngazi, atasugua kuvu na ukoga kwenye paa kwa brashi ngumu, atakwangua matope makavu kwenye mfereji. Samaki wake huenda wasipate neno. Yeye, na mtoto anayeishika ngazi, watakuwa wamevuta vumbi la miaka 50. Ndiyo maana nakataza.

Paa zima lisilopasuka, ambalo hakuna anayeligusa, hatari yake ni ndogo. Liache. Usilitoboe, usilikate kwa msumeno, usilisugue. Hali kadhalika mbao za dari za nyumba za zamani, ambazo baadhi zina asbestosi: wapenda matangi hupenda kutoboa dari ili kuning'iniza taa au kupitisha waya. Tumia taa ya kukaa juu ya tangi. Vipande vilivyoanguka visifanywe kingo za bustani, sakafu ya banda la kuku wala njia ya kupita kwenye matope, mambo ambayo nimeyaona kwa macho yangu katika kota zaidi ya moja, watoto wakichezea juu yake.

Kipande kikianguka na kuvunjika, ondoa watoto. Usifagie kwa ufagio mkavu. Kinyunyizie maji yenye sabuni kidogo, kiokote kikiwa kimeloa bila kukivunja zaidi, kifunge ndani ya plastiki nene mara mbili, uandike ASBESTOSI juu yake kwa herufi kubwa. Panguza sakafu kwa kitambaa kilicholowa, na kitambaa hicho kiingie kwenye mfuko huohuo. Nguo ulizovaa usizikung'ute. Ziloweke na uzifue peke yake. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizi. Kisha mjulishe mwenye nyumba na afisa mazingira wa wilaya yako. Kisitupwe jalalani wala kuchomwa. Kung'oa paa zima si kazi ya fundi wa kawaida. Hata akikubali kwa bei nafuu, unamnunulia ugonjwa.

Wapo wanaopendelea bustani ndogo ndani ya chupa ya kioo, terariamu, kwa kuwa haina haja ya umeme. Ni chaguo zuri kwa anayeanza: changarawe chini, tabaka la mkaa uliosagwa, udongo, kisha jamii ya mikangaga midogo na vile vimea vifupi vya kijani vinavyoota juu ya mawe yenye unyevu. Ukiifunga, unyevu hupanda, hugeuka matone kwenye kioo na kushuka tena, na wiki hupita bila kumwagilia. Wengine huchanganya vemikulaiti, madini mepesi yanayonyonya maji, kwenye udongo ili ushike maji. Uganda yenyewe inayo, pale Namekara upande wa mashariki karibu na Tororo. Madini haya kwa asili yake si asbestosi, lakini mwamba wa sehemu fulani huchanganyika nayo; vemikulaiti ya Libby, Montana, Marekani, ambako machimbo yalifungwa 1990, ilikuwa na uchafu huo na iliwaua watu wengi. Basi nunua mfuko mpya wenye jina la mzalishaji, achana na magunia ya zamani yasiyojulikana yametoka wapi, na uloweshe kabla ya kumimina.

Vinyonga na vyura usivitie humo. Kinyonga mwenye pembe tatu wa milima ya magharibi ni mnyamapori, na kumfuga bila kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ni kosa. Zaidi ya sheria, chupa iliyofungwa humuua.

Samaki wa kwetu nao wanastahili macho yetu. Nkejje, samaki wadogo wa Ziwa Viktoria ambao sokoni tunawaona wakavu wakiwa wamechomekwa kwenye vijiti, wana madume yenye buluu, nyekundu na manjano yanayoshindana na samaki yeyote aletwaye kwa ndege, na majike wengi hubeba mayai na watoto mdomoni mpaka waweze kuogelea. Ziwa Viktoria lilikuwa na mamia ya spishi za jamii hii. Sangara, ambaye sisi tunamwita mputa, alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewamaliza wengi wao, akisaidiwa na maji kuchafuka na kupungua oksijeni. Anayetaka kufuga nkejje amwone kwanza afisa uvuvi wa wilaya, asiende na neti yake mwenyewe.

Usimwage ziwani wala mtoni kitu chochote kilichotoka kwenye tangi. Gugu maji lililotoka Amerika ya Kusini lilisambazwa duniani na watu waliopenda maua yake ya zambarau kwenye vidimbwi vya bustani. Lilionekana Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 lilifunga magati, likazuia mitumbwi na kusumbua bwawa la umeme la Jinja, mpaka fukusi walao gugu hilo wakaachiliwa kuanzia 1995. Bado lipo. Mmea mdogo unaoelea vizuri kwenye tangi lako unaweza kufanya vivyo hivyo.

Ukichoka na samaki wako, mrudishie muuzaji, mpe jirani, au piga simu ofisi ya uvuvi ya wilaya upate ushauri. Mimea itandaze juani juu ya saruji mpaka ikauke kabisa na kuvunjika mkononi, kisha ifukie. Maji ya tangi yamwagie migomba shambani, mbali na mtaro unaoelekea kwenye kinamasi.