Mwanga tunaouona nao hupasha joto
Wengi huamini kwamba miale isiyoonekana ya infraredi ndiyo joto lenyewe, na mwanga tunaouona kazi yake ni kuangaza tu. Si kweli. Mwaka 1800 mwanaastronomia William Herschel alitandaza rangi za mwanga wa jua kwa prizimu, yaani kipande cha kioo kinachozitenganisha rangi hizo, akaona kipimajoto kikipanda zaidi nje kidogo ya nyekundu, palipo na infraredi. Lakini ndani ya rangi zenyewe pia kilipanda, na hilo husahaulika mno! Mwanga wowote ukimezwa, nishati yake huzitikisa atomu za kitu; mtikisiko huo ndio joto. Leza ya kijani yenye nguvu huunguza karatasi nyeusi upesi, ilhali nyeupe, inayourudisha mwanga, huchelewa. Ndiyo maana bamba la hita ya maji ya jua hupakwa rangi nyeusi.