Arosto Imeisha, Ubongo Bado Unakumbuka

Familia nyingi humleta mgonjwa kliniki zikiwa na ombi moja: mtoeni hii sumu mwilini. Kwa upande wa heroini, kazi hiyo ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Arosto, yaani taabu ya mwili uliozoea dawa unapoikosa, huanza ndani ya saa 8 hadi 24 tangu dozi ya mwisho, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na kwa wengi hulegea ndani ya wiki moja hivi. Baada ya hapo mgonjwa anakula, analala, anaanza kunawiri. Ndugu wanashukuru na kusema amepona. Sisi tunaowahudumia, hicho ndicho kipindi kinachotutia hofu kuliko vyote, na sababu yake iko kichwani, wala si kwenye damu.

Mwaka 1954, katika Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, James Olds na Peter Milner walipitisha waya mwembamba hadi ndani ya ubongo wa panya, kisha wakamwekea kitufe cha kujipitishia umeme kidogo. Waya ulipofika sehemu fulani, panya alibonyeza mamia ya mara kwa saa. Wengi wakaamini kwamba makao ya raha yamegunduliwa, na mpaka leo dopamini, kemikali inayotawala njia hiyo ya ubongo, husimuliwa kana kwamba ndiyo raha yenyewe. Dhana hiyo imetupotosha sana, kwa sababu inamfanya mraibu aonekane mtu mpenda starehe kupita kiasi.

Picha iliyo sahihi zaidi ilikuja miaka ya 1990, pale Wolfram Schultz na wenzake waliporekodi seli za dopamini za tumbili waliokuwa wakipewa matone ya juisi. Mwanzoni seli zilichachamaa juisi ilipofika. Tumbili walipokwisha kujifunza kwamba taa hutangulia juisi, seli zikawa zinachachamaa taa inapowaka, na juisi yenyewe ikija hazishtuki tena. Juisi ikikosekana, zinanyamaza. Kwa hiyo dopamini ni ishara ya kufundisha: inauambia ubongo kwamba hapa pametokea jambo jema kuliko ulivyotarajia, lishike, na ushike pia kila kilicholizunguka. Jambo likishazoeleka, ishara hukoma, na somo linaishia hapo.

Dawa za kulevya haziruhusu somo liishe. Kokeini huziba mlango ambao dopamini hurudia kwenye seli, ikabaki nje ikiendelea kufanya kazi. Methamfetamini huziba mlango huohuo na papo hapo kuisukuma dopamini nje kwa nguvu. Heroini huzilegeza seli ambazo kazi yake ni kuizuia dopamini, na hufanya hivyo kwa kushika vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea kemikali, ambavyo mwili unavyo kwa ajili ya kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu. Vipokezi hivyo vilithibitishwa mwaka 1973. Pombe na nikotini zina njia zao, lakini zinaishia mahali pamoja. Hata mtu akitumia kwa mara ya mia tano, akijua fika atakachopata, dopamini inasukumwa tu, na ubongo unaendelea kufundishwa kwamba hakuna muhimu kuliko hiki.

Wakati huohuo ubongo hujaribu kujilinda. Hupunguza vipokezi, hudhoofisha ishara, na mtumiaji hulazimika kuongeza dozi ili ahisi alichohisi jana. Chakula, michezo na mazungumzo ya marafiki havina tena mvuto. Hapa ndipo mtafiti Kent Berridge alipotenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kufurahia na kutamani. Kwa mraibu wa muda mrefu, furaha ya dawa hufifia huku tamaa yake ikizidi kupanda. Wagonjwa hutueleza jambo hilo bila kujua nadharia yoyote: hawaipendi tena, ila hawawezi kuipita. Ni wazi pia kwa nini kuanza mapema ni hatari, maana sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima madhara na kuzuia pupa, hukomaa mtu akikaribia miaka 25.

Sasa turudi kwa yule aliyemaliza wiki yake ya arosto. Mwili wake umesahau dozi, lakini ubongo haujasahau kona, rafiki, wala saa ya jioni aliyozoea kutumia. Vitu hivyo vinaweza kuamsha tamaa kali baada ya miezi mingi ya kutogusa dawa. Akirudia dozi yake ya zamani, mwili ambao haujazoea tena unashindwa kupumua. Ndiyo maana vifo vingi hutokea katika wiki za mwanzo baada ya kutoka kituo cha matibabu au gerezani.

Mazingira yana nguvu hata kwa upande wa pili. Mtafiti Lee Robins alifuatilia wanajeshi wa Marekani waliorejea kutoka Vietnam mwaka 1971. Takriban mmoja kati ya watano alisema alikuwa mraibu alipokuwa kule, lakini katika mwaka wa kwanza nyumbani, ni karibu asilimia 5 tu ya hao waliorudia uraibu. Waliacha nyuma kila kilichowakumbusha. Nisieleweke vibaya: hii si ruhusa ya kumhamishia kijana kwa ndugu wa mbali na kuhesabu kazi imekwisha. Wanajeshi wale hawakurudi tena vitani. Kijana wako siku moja atarudi mtaani kwake.

Kwa waraibu wa heroini, ulinzi imara tulionao ni methadoni au buprenofini, dawa za hospitali zinazoshika vipokezi vilevile vya heroini, na mara nyingi kwa miaka. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walionesha manufaa ya methadoni mjini New York katikati ya miaka ya 1960, na bado tunaambiwa kwamba ni kubadilisha unga kwa unga. Sikubaliani. Methadoni humezwa mara moja kwa siku, haina mpando na mporomoko wa heroini, na anayeitumia vizuri huenda kazini. Kwa kokeini na methamfetamini hatuna dawa ya namna hiyo. Tunategemea ushauri na mbinu za kubadili tabia. Pombe ina dawa zake, ila mnywaji mkubwa asiache ghafla nyumbani, wala anayemeza dawa za usingizi kama diazepamu kwa muda mrefu. Degedege na kuchanganyikiwa kunakofuata kunaweza kuua.

Halafu kuna swali ambalo kila familia huuliza: kichaa kilikuja kwanza au bangi? Mara nyingine vyote vimelishana. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 1987, uliofuatilia vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini, ulikuta kwamba waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 waligunduliwa kuwa na skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, mara sita zaidi ya wasiovuta. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na mambo mengine maishani mwao, na wavutaji wengi hawapati ugonjwa huo. Lakini mwenye historia ya skizofrenia katika ukoo wake anacheza na moto.

Kusikia sauti na kushuku watu kunakoletwa na methamfetamini kwa kawaida hupungua ndani ya siku au wiki chache. Dalili hizo zikizidi mwezi tangu aache methamfetamini, tunatafuta ugonjwa mwingine. Sonona ya mnywaji nayo mara nyingi hupungua wiki mbili hadi nne baada ya kuacha pombe. Akizungumzia kujiua, hata hivyo, hakuna kusubiri wiki yoyote. Na utaratibu wa kumwambia mgonjwa akaache dawa kwanza ndipo atibiwe akili, au kinyume chake, umewapoteza wengi. Vyote vitibiwe pamoja, ikiwezekana chini ya timu moja.

Kabla hamjamchukua mgonjwa wenu, ulizeni kuhusu naloksoni, dawa inayozuia kwa muda nguvu ya heroini mwilini, na mfundishwe kuitumia. Dalili za dozi ya heroini iliyozidi ni kutoamka hata akitikiswa, pumzi za taratibu mno au za kukoroma, midomo kubadilika rangi, na mboni ndogo kama ncha ya sindano. Iteni msaada, mpeni naloksoni, msaidieni kupumua kama mmefundishwa, na akipumua mwenyewe mlazeni ubavu. Naloksoni hudumu dakika 30 hadi 90, na dawa aliyotumia inaweza kukaa mwilini zaidi ya hapo. Akizinduka na kusema yuko sawa, bado apelekwe hospitali, na asiachwe peke yake njiani.