Busha haliletwi na madafu

Simama kwa muuza madafu Mikindani, hutakosa mzee wa kumtania kijana: "Taratibu mwanangu, utaota busha." Ni utani wa pwani nzima, ila wapo wanaouamini kabisa. Dafu halihusiki. Maji yake hufyonzwa tumboni na kutoka kwa mkojo kama maji mengine. Hayana njia ya kwenda kutuama kwenye korodani.

Huku kwetu busha mara nyingi huanza na mbu. Huacha vijiminyoo vya filaria, vikakulia kwenye mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, na kuiharibu, na maji yakajikusanya katika utando unaoizunguka korodani. Minazi hupenda joto na unyevu, mbu vilevile. Huenda ndipo dafu liliposingiziwa.

Kinachoniudhi zaidi ni uvumi wa pili, kwamba upasuaji humaliza uanaume. Daktari hupiga ganzi, hupasua kidogo, humwaga maji, kisha hukata ule utando au huugeuza nje-ndani ili yasijae tena. Korodani yenyewe inabaki pale pale, kiwanda cha mbegu na homoni. Kuvuta maji kwa sindano tu hakutoshi, kwa kawaida hurudi. Nazo dawa za kingatiba, yaani za kukinga ugonjwa, ivermektini na albendazoli, hupunguza vijiminyoo vichanga kwenye damu. Busha lililokwishajaa halinywei kwa vidonge.