Tatizo si ukali wa upepo, ni kugeuka kwake

Wengi huamini kwamba ndege inayotua huangushwa na upepo mkali. Sivyo. Upepo mkali unaovuma sawasawa kutoka mbele humsaidia rubani, kwani ndege hugusa ardhi kwa mwendo mdogo. Cha kuogopwa ni upepo unaobadilika ghafla. Chini ya wingu la radi hewa huweza kushuka kwa kishindo, ikagonga ardhi na kusambaa pande zote. Ndege ikiingia hapo hukutana kwanza na upepo wa mbele, ikainuka (hapo ndipo rubani hudanganyika akapunguza nguvu ya injini), kisha hewa inayoikandamiza, halafu upepo wa nyuma unaoipokonya nguvu ya kuelea. Karibu na ardhi, nafasi ya kujiokoa ni finyu. Ndivyo ilivyoanguka ndege ya shirika la Delta huko Dallas, Marekani, tarehe 2 Agosti 1985. Watu 137 walikufa.