"Mbona Windows yangu nayo ni bure?" na maneno mengine tunayosikia kuhusu Linux

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 hapo 14 Oktoba 2025, habari za Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, zimerudi kwa kasi, maana laptopu nyingi huku kwetu ni za mtumba na Windows 11 inazikataa hata kama zinapiga kazi vizuri tu, eti prosesa ya zamani, eti haina TPM 2.0 (chipu ya usalama). Sasa mwambie mtu ajaribu Linux uone, majibu ni yaleyale.

"Faida ya Linux ni bure tu, na mimi Windows yangu sijalipia." Hili ndo linaniudhi kuliko yote. Hujalipia kwa sababu fundi alikupigia window kwa buku kadhaa akamalizia na kraki, na hiyo kraki mara nyingi haiingii mpaka uzime antivairasi na uiruhusu iendeshe kama admini, yaani mtu usiyemjua hata jina umemruhusu afanye lolote kwenye mashine unayofungulia akaunti ya benki. Halafu ubure wenyewe sio hoja kuu. Leseni ya GPL, ambayo keneli ya Linux (kiini cha mfumo wenyewe) inatumia, inaruhusu hata kuuza, kampuni ya Red Hat wamefanya biashara humohumo mpaka IBM wakawanunua 2019 kwa dola bilioni 34. Unachopata wewe ni ruhusa: weka kwenye mashine zote za ofisi, mkopie jirani, fungua kodi (maandishi yanayounda programu) ubadilishe, hakuna wa kukuuliza.

"Mpaka ujue kuandika amri kwenye skrini nyeusi." Hii ilikuwa kweli zamani. Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, ina menyu chini kushoto kama uliyoizoea, programu unazitafuta na kubonyeza, basi. Na Android ya mkononi mwako imejengwa juu ya keneli hiyohiyo, mbona hujaandika amri yoyote.

"Kodi iko wazi, kwa hiyo mhalifu yeyote anaweza kuichezea." Kuisoma, ndiyo. Kuingiza mabadiliko yako ni mpaka wasimamizi wa mradi wakubali. Ila na wale wapenzi wa Linux wanaosema haishikiki kabisa nao watulie, maana Machi 2024 iligundulika kuna mtu alijiita Jia Tan, alijenga uaminifu taratibu kwenye mradi mdogo unaoitwa xz, programu ya kubana faili inayotumika ndani ya Linux nyingi, mpaka akakabidhiwa usimamizi, akapachika mlango wa siri kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeugundua mlango huo ni Andres Freund, injinia wa Microsoft (ndiyo, Microsoft haohao), aliona kuingia kwenye seva kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali) kumechelewa kama nusu sekunde akaanza kuchimba. Aliweza kuchimba mpaka mwisho kwa sababu kodi ilikuwa wazi, lakini mlango ulikuwa umeshaingia kwenye baadhi ya matoleo ya majaribio ya Linux, tusijidanganye.

"Kila kitu cha Windows kitakubali tu." Hapa ndo watu wanaumia, na wanaoipigia debe Linux huwa wanapapita harakaharaka. Photoshop ya picha, AutoCAD ya michoro, Tally ya mahesabu, hizi hazina toleo la Linux. Kuna Wine, inaendesha baadhi ya programu za Windows, ila mahesabu ya kampuni mimi nisingeyaweka humo. Magemu mengi ya Steam (duka la magemu mtandaoni) yanacheza, Valorant na Fortnite hapana. Faili za Word zinafunguka kwenye LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, ila saa zingine jedwali linahama au CV ya kurasa mbili inamwagikia ya tatu, kwa hiyo kabla hujaenda steshenari igeuze PDF, kitufe kipo hapo juu kabisa.

Kwa hiyo kama mkate wako uko kwenye AutoCAD, baki ulipo. Kama ni brauza, barua na muziki, chukua fleshi ya GB 8, weka Mint, washa mashine kutokea kwenye fleshi bila kugusa diski. RAM ya GB 4 inatosha, itakuwa nzito kidogo kwa vile inasoma fleshi. Jaribu spika, kamera, printa. Waifai ikigoma, na baadhi ya kadi za Broadcom hugoma kweli, chomeka simu kwa waya ugawe bando, halafu fungua sehemu ya madraiva (programu zinazoendesha vifaa) uone kama la kadi hiyo lipo.